Tokeni za wenye maduka wa Uingereza, 1648 hadi 1672: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninazo tatu tu, ndogo kuliko ukucha wa dole gumba, lakini kila nikizitoa mezani maswali ni yale yale. Nimeyapanga kuanzia ya mtu ambaye hajawahi kuzisikia mpaka yale ya wabishi. Kama jibu lipo kwenye swali lingine nitakuelekeza huko, sirudii.

## Mambo ya msingi

Tokeni ndo nini hasa? Ni kama zile za LUKU?

Jina ni moja ila kitu ni kingine, ingawa kiukweli wazo haliko mbali sana. Hizi ni vibati vya mviringo vya shaba, nyekundu au ya njano, ambavyo mwenye duka, mwenye kilabu cha pombe au fundi alitengenezewa kwa jina lake mwenyewe. Upande mmoja jina lake na alama ya duka, upande wa pili mtaa au mji aliopo na mara nyingi herufi za familia. Ukinunua kitu kwake na hana chenji anakupa kile kibati, siku nyingine unakirudisha unapewa bidhaa, au ukikusanya vingi anakubadilishia kwa pesa halisi ya madini ya fedha.

Kwa hiyo usiione kama sarafu, ione kama deni lililopigwa muhuri kwenye shaba. Ukilielewa hilo maswali mengi ya chini yanajijibu yenyewe.

Ni za lini na za wapi?

England na Wales, kuanzia kama 1648 au 1649 mpaka 1672. Ireland nao walikuwa nazo, wakaanza miaka ya 1650 na wakachelewa kuziacha. Scotland hawakuzihitaji kihivyo kwa sababu tayari walikuwa na sarafu zao ndogo za shaba zilizotolewa rasmi.

Kuna watu wanachanganya hizi na za karne ya 18, hizo ni kundi lingine kabisa, nenda kwenye maswali ya pembeni huko chini.

Fadhingi ni kiasi gani?

Robo ya peni. Hesabu ya zamani ya Waingereza ilikuwa peni 12 kwa shilingi, shilingi 20 kwa pauni, kwa hiyo pauni moja ni peni 240, na ukizigawa robo robo ni fadhingi 960. Shilingi yetu sisi imetokea huko huko, iliingia Afrika Mashariki 1921 ikachukua nafasi ya florini.

Sasa kwa upande wa inanunua nini: sheria ya mwanzoni mwa karne ya 17 ilitaka kilabu kiuze pombe bora ya shayiri, yaani eli, kwa peni moja kwa kipimo cha zaidi kidogo ya lita. Basi fadhingi ilikuwa glasi moja ya pombe nzuri. Sio hela ya kutupa, lakini pia sio hela ambayo tajiri angeinama kuiokota. Hapo ndo shida ilipokuwa, maana masikini alinunua kila kitu kwa vipande hivyo hivyo, mshumaa mmoja, kipande cha jibini, tumbaku ya kuvuta leo tu. Kama sisi tunavyonunua mafuta ya kupima.

Tokeni nyingi ni za fadhingi. Za nusu peni zilikuja kushamiri zaidi miaka ya 1660, na za peni nzima ni chache England, Ireland ndo zilizoeleka.

Kwa nini nchi nzima ikakosa chenji?

Hapa panahitaji subira kidogo. Kwa Waingereza wa enzi hizo pesa ya kweli ilikuwa ni uzito wa fedha au dhahabu. Peni ya fedha yenyewe ilikuwa nusu gramu tu, sasa ukiigawa mara nne unapata kitu cha sehemu ya nane ya gramu, ukipiga chafya kimeenda. Walijaribu, fadhingi ya fedha ya mwisho ilipigwa enzi za Edward wa Sita katikati ya karne ya 16, wakaacha. Na mfalme aliona aibu kutoa sarafu ya shaba yenye sura yake, shaba ilionekana ni madini ya masufuria.

Mwaka 1613 James wa Kwanza akapata njia ya kukwepa, akampa mtu binafsi, Lord Harington, kibali cha kutengeneza fadhingi za shaba. Zilikuwa nyepesi ajabu, hazifiki hata nusu gramu, na faida ikaenda kwa wenye kibali na kwa mfalme. Harington alifariki mwaka huo huo lakini kibali kikaendelea kuhama kutoka mkono wa mkubwa huyu kwenda wa mkubwa yule, hadi enzi za Charles wa Kwanza. Watu walizichukia, feki zikajaa, ikabidi miaka ya 1630 waanze kutia kipande cha shaba ya njano katikati ili kuwashinda waghushi.

Halafu 1642 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, Bunge likakizima kile kibali, na waliobaki na fadhingi mfukoni ndo wakala hasara. Januari 1649 mfalme akakatwa kichwa. Sasa ukiwa na duka la mishumaa na mteja amesimama mbele yako na peni moja anataka cha robo, utamlalamikia nani? Wakajitengenezea wenyewe.

Ilikuwa halali?

Kutoa pesa ilikuwa haki ya mfalme, hilo kila mtu alijua. Lakini mfalme hakuwepo, na serikali ya Cromwell, aliyekuja kutawala baada ya mfalme kuuawa, ilichezea sampuli za fadhingi bila kuzitoa kwa wingi. Kwa hiyo hakuna aliyewaruhusu na hakuna aliyewazuia kwa dhati. Kwa miaka zaidi ya ishirini nchi nzima ikaishi hivyo, na sioni kama unaweza kuwaita wahalifu watu ambao wengi wao walikuwa haohao viongozi wa parokia na makonstebo wa mtaa.

## Dukani

Nani hasa walikuwa wanazitoa?

Watu wa biashara ndogo na za kati, wanaouza rejareja. Wenye maduka ya vyakula na viungo, wauza nguo, watengeneza mishumaa ya mafuta ya mnyama, waoka mikate, wauza dawa, wauza vyuma, vinyozi, wenye vilabu na nyumba za wageni. Mkubwa anayeuza kwa jumla hakuwa na haja nazo, yeye anahesabu kwa pauni.

Wanawake pia wapo, wengi wajane walioendesha duka baada ya mume kufa, na jina linasimama lake peke yake. Kwenye tokeni ya nusu peni mwanaume anaandika kwamba hii ni nusu peni yake, na mwanamke anaandika vile vile kwa kiwakilishi cha kike, wala haombi radhi.

Aina zilizojulikana ni nyingi mno. Katalogi ya William Boyne ya 1858 ilishapita 9,000, na George Williamson alipoipanua kati ya 1889 na 1891 zikaongezeka tena, London na Southwark tu zikawa zaidi ya 3,000. Mpya bado zinaibuka ardhini mpaka leo.

Mwenye duka alizitoa wapi, alijipigia mwenyewe?

Hapana, aliagiza. Ilikuwa kazi ya mchongaji anayejua kuchonga muhuri wa chuma, mmoja wa upande huu na mwingine wa ule, halafu vipande vya shaba vinapigwa katikati. Anayetajwa sana ni David Ramage, mtu wa kiwanda cha sarafu cha Tower huko London, alitengeneza sehemu kubwa ya tokeni za nchi mpaka alipofariki 1662. Yaani kiwanda cha sarafu za serikali kinakaa bila kutoa fadhingi, na mfanyakazi wake anawapigia wauza duka. Mimi hapo huwa nacheka.

Ndo maana tokeni ya mji wa mbali kabisa inaweza kufanana mtindo wa herufi na ya London. Mwenye duka alituma oda, akatumiwa mzigo.

Zilikubalika mpaka wapi?

Karibu. John Evelyn, mwandishi wa Kiingereza ambaye alizishuhudia zikitumika, aliandika 1697 kwamba ni mara chache zilivuka mtaa mmoja au miwili inayofuata. Kwenye miji midogo labda soko zima, kwa sababu kila mtu anamjua kila mtu. Lakini ukisafiri siku nzima na fadhingi za muoka mikate wa kwenu umebeba shaba tu.

Na ndo ilivyotakiwa iwe. Thamani ya kile kibati ilikuwa ni kujua kwamba fulani yupo, duka lake liko pale kwenye kona, na kesho atafungua.

Sasa mwenye duka akipokea tokeni za maduka mengine alizifanyia nini?

Inasimuliwa kwamba wenye maduka, hasa wauza tumbaku, walikuwa na sanduku lenye vyumba vyumba. Za huyu huku, za yule kule, zikijaa anamtuma kijana anapeleka kwa mwenyewe na kurudi na fedha. Na yule mwingine naye ana za kwako, mnaweza kukatana hapo hapo bila hela yoyote kutoka. Mawakala wa pesa za simu leo wanasawazisha floti zao kwa akili hiyo hiyo.

Walipata faida au ilikuwa huduma tu?

Walipata, tusidanganyane. Kwanza shaba ndani ya tokeni ilikuwa na thamani ndogo kuliko kilichoandikwa juu. Pili, tokeni ikikaa mfukoni mwa mteja miezi sita hilo ni deni lisilo na riba. Tatu, zinazopotea hazirudi kudai, na kwa kuwa leo zinafukuliwa mashambani kila msimu unaweza kukisia zilizopotea ni ngapi. Nne, mteja mwenye tokeni yako lazima arudi kwako. Tena kibati chenyewe ni tangazo, kina jina lako na mahali ulipo, kinazunguka mtaani bure.

Ila gharama ya kutokuwa nazo ilikuwa kubwa zaidi. Ukimwambia mteja hakuna chenji anakwenda duka la pili.

Na mwenye duka akifa, akihama au akifilisika?

Hili ndo swali ambalo wanaosifia sana tokeni huwa wanalipita haraka. Mjane au mtoto akiendeleza duka, mara nyingi atazipokea, maana akikataa atapoteza wateja. Duka likifungwa kabisa, aliyezishika ndo kapigwa. Na anayeshika fadhingi kumi na mbili nyumbani sio mfanyabiashara mwenye sanduku, ni mfua nguo au kibarua aliyelipwa nazo jioni. Mfumo uliwasaidia masikini kununua kidogo kidogo, na hasara ikija inaanzia kwao.

## Kuisoma tokeni

Yale maherufi matatu katikati ni nini?

Hii ndo sehemu ninayoipenda. Chukulia unaona B juu, na chini yake T na M. Ile ya juu ni herufi ya ukoo, za chini ni za majina ya mume na mke, mume kushoto mke kulia. Labda Thomas na Mary wa ukoo wa B. Sheria za wakati ule hazikumpa mke mali yake kirahisi, lakini kwenye pesa ya duka jina lake limo, kwa sababu kila mteja alijua nani hasa anasimama kaunta.

Ikiwa ni herufi mbili tu, mara nyingi mtoaji hakuwa na mke au mume wakati huo. Wanahistoria wa familia wanatumia hili kukisia mwaka: kama anajulikana alioa 1661 na tokeni ina herufi mbili, basi huenda ni ya kabla.

Kwa nini picha nyingi ni za wanyama na vitu vya ajabu?

Maduka hayakuwa na namba. Ulielekezwa kwa kibao kinachoning'inia nje: nenda kwenye Nguva, nenda kwenye Kichwa cha Mfalme, nenda kwenye Joka. Picha ya tokeni ni kile kibao kimeshuka kikawa kidogo. Sio lazima ihusiane na bidhaa, mwenye alama ya simba anaweza kuwa anauza soksi.

Nyingine zinasema biashara moja kwa moja. Mkasi ni fundi nguo. Bonge la sukari lenye umbo la pia, ambalo ukiliona utakumbuka sukari guru, ni duka la vyakula. Tumbaku iliyosokotwa, mshumaa, kitana cha kinyozi. Wengine waliweka ngao ya chama chao cha kazi cha London, kwa mfano wauza nguo za thamani wana ile ya kichwa cha msichana. Ila usikimbilie kusema aliyeweka ngao ya wauza viungo aliuza viungo, mtu aliweza kuwa mwanachama wa chama kimoja na kuishi kwa biashara nyingine.

Mtu asiyejua kusoma alihitaji picha tu. Hilo nalo ni jibu.

Tahajia mbona imevurugika?

Haijavurugika, ni ya zamani. I inasimama badala ya J, kwa hiyo IOHN ni John. V badala ya U, V mbili ni W. YE ni "the" ya Kiingereza, na Y yake ni herufi ya kale ya sauti ya th iliyofanana umbo na Y, haikutamkwa kama Y ya kwetu. Majina ya mitaa kila mchongaji aliandika alivyosikia.

Mbona nyingine hazina mwaka?

Nyingi hazina. Zenye mwaka zinaanzia 1648 hivi na zimejaa zaidi miaka ya 1660. Angalia pia kitu kimoja: Waingereza wa wakati ule kisheria walianza mwaka tarehe 25 Machi, kwa hiyo jambo la Februari 1666 kwa hesabu yao, kwetu ni Februari 1667.

Kwa London mtaa unasaidia. Moto mkubwa wa Septemba 1666 uliteketeza nyumba zaidi ya 13,000, na tokeni nyingi zinataja maduka na vibao vilivyokuwa kwenye mitaa hiyo kabla haijaungua. Wanaochora ramani ya London ya kabla ya moto wanazitumia sana.

Ni kweli kuna zenye mashairi?

Zipo, na ni fupi fupi kwa sababu nafasi hakuna. Moja inasema ingawa mimi ni shaba tu, niache nipite. Nyingine: ukipenda nitakubadilishia. Nyingine inakukaribisha ufanye biashara nami. Kwa Kiingereza zina vina, ukizisoma kwa sauti zinaimba kidogo kama maandishi ya khanga, na kazi ni ile ile, kusema jambo kwa aliyeshika.

Zenye maneno ya kawaida zinajitetea: kwa chenji ya lazima. Ona hapo mtoaji anavyojua kwamba anafanya jambo la utata, kwa hiyo anaandika sababu kabisa.

Ipi maarufu kuliko zote?

Kila mtu na yake. Mimi nitakwambia za nyumba za kahawa. Kahawa iliingia London miaka ya 1650 na alama yake ikawa kichwa cha Mturuki mwenye kilemba. Kuna tokeni ya nyumba ya kahawa ya Exchange Alley yenye kichwa cha Sultani Murad, anaitwa pale Morat Mkuu, na maneno yanayojigamba kwamba kila alikokwenda alishinda. Upande wa pili unaorodhesha wanachouza: kahawa, tumbaku, sharubati, chai, chokoleti. Nusu ya orodha ni maneno ambayo mtu wa Lamu au Unguja asingehitaji kutafsiriwa.

## Miji, na mwisho wake

Zile zilizoandikwa jina la mji tu bila mtu ni za nani?

Ni za halmashauri. Miji mingine iliona vurugu za kila duka na bati lake, ikaamua kutoa fadhingi moja ya mji mzima. Bristol walitoa 1652, Oxford pia mwaka huo kupitia meya. Southwold walitoa 1667 wakaandika kabisa kwamba ni kwa manufaa ya masikini. Kwangu mimi hili lilikuwa suluhisho bora kuliko la duka moja moja, kwa sababu mji haufi wala hauhami usiku, rudi kwenye swali la mwenye duka akifilisika.

Kwa nini zilikoma 1672?

Charles wa Pili, mtoto wa yule mfalme aliyekatwa kichwa, alirudi kutawala 1660 lakini akachukua miaka kumi na mbili kulishughulikia. Agosti 1672 likatoka tangazo kwamba nusu peni na fadhingi za shaba za mfalme ndizo halali na za watu binafsi zikome. Hizo mpya zilikuwa nzito, zenye shaba inayokaribia thamani yake, sura ya mfalme upande mmoja na yule mama Britannia, mwanamke anayewakilisha taifa la Uingereza, ameketi upande wa pili. Ile aibu ya shaba ikaisha.

Watu walitii mara moja?

Wengi ndiyo, kwa sababu nani atataka bati la Thomas na Mary wakati ipo inayokubalika nchi nzima. Lakini sehemu za mbali sarafu mpya zilichelewa kufika, ikabidi litolewe tangazo jingine 1674. Mwenye duka mwaminifu aliita watu wazirudishe akazilipa, ambaye si mwaminifu alinyamaza tu.

## Kuzipata na kuzitunza

Zinapatikana wapi leo?

Nyingi zinatoka ardhini kwa watu wenye mashine za kutafutia chuma, na London zinatoka kwenye tope la mto Thames maji yakipwa. Mnada na wauza sarafu wanazo, na za miji ya kawaida iliyochakaa hazina bei ya kutisha, kinachopandisha ni mji mdogo wenye watoaji wachache, maumbo yasiyo ya kawaida kama moyo au pembe nane, na za kahawa. Makumbusho ya Uingereza yana makabati mazima.

Nikiiokota Uingereza ni yangu?

Usijichukulie tu. Kwanza ruhusa ya mwenye ardhi, na kwenye kingo za Thames lazima uwe na kibali cha mamlaka ya bandari ya London. Pili, sheria ya hazina ya 1996 inahesabu tokeni kama sarafu: moja peke yake ya shaba kwa kawaida sio hazina, lakini ukikuta kumi au zaidi pamoja, zenye zaidi ya miaka 300, unatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 14.

Niisugue na ndimu ing'ae?

Usithubutu. Wala jivu, wala siki, wala dawa ya meno. Ule ukijani na weusi ni ngozi yake, ukiitoa unatoa na herufi, na mtozaji yeyote ataona kutoka mlangoni. Loweka kwenye maji yaliyochujwa chumvi zote, acha tope lilainike, futa kwa kijiti cha mti. Mimi moja niliiharibu hivyo hivyo kwa haraka, sasa inang'aa na haisomeki.

Hiyo W na namba ninayoona kwenye minada ni nini?

Ni namba kwenye mpangilio wa Williamson niliyemtaja juu. Zimepangwa kwa kaunti kisha mji, kwa hiyo namba bila kaunti haina maana, kila kaunti inaanza na 1.

Nawezaje kumjua mtu aliyeitoa?

Anza na daftari za parokia, ubatizo, ndoa, mazishi. Kisha wosia. Kisha rekodi za kodi ya majiko, iliyotozwa kati ya 1662 na 1689, shilingi mbili kwa mwaka kwa kila jiko la moto ndani ya nyumba, kwa hiyo unaona hata ukubwa wa nyumba yake. Linganisha na zile herufi tatu. Ukimpata Thomas aliyeoa Mary kwenye mtaa huo huo, utakaa kimya dakika nzima, nakuambia.

## Maswali ya pembeni

Tokeni za 1787 kuendelea ni hizi hizi?

Hapana. Karne ya 18 serikali ililala tena na chenji ikaisha tena, na safari hii walioanza ni wakubwa: kampuni ya mgodi wa shaba wa Parys huko Anglesey, Wales, ikafuata na John Wilkinson wa viwanda vya chuma, kulipa vibarua. Ni nzuri na nzito, zimepigwa kwa mashine. Zilipungua baada ya Matthew Boulton kupiga peni rasmi kwa nguvu ya mvuke 1797.

Kuna ambayo iliwahi kuwa pesa halali kabisa?

Ipo. Kisiwa cha Man, kilicho kati ya England na Ireland, mfanyabiashara John Murray wa Douglas alitoa peni yake 1668, na mwaka 1679 bunge la kisiwa, Tynwald, likaitangaza kuwa halali. Wabishi wote wa "pesa lazima itoke serikalini" huwa nawapa hiyo.

Huku kwetu ziliwahi kuwepo?

Za duka la mtaa kwa namna hii siwezi kukuonyesha. Ndugu yao wa karibu ni pesa za kampuni: kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilitoa paisa za shaba za Mombasa zenye mwaka 1888, na ile ya Wajerumani ikatoa pesa zake kuanzia 1890, zenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja. Tofauti ni kwamba hizo zilikuwa na hati kutoka juu na zililenga pwani nzima. Kabla yao Sultani Barghash alishatoa paisa zake za shaba za mwaka 1299 wa Hijria, na hizo ni za dola. Na za Tabora za 1916, za heleri 5 na 20, zilipigwa na Wajerumani wenyewe kwenye karakana ya reli vitani, ugonjwa ni ule ule wa kukosa chenji ila daktari ni serikali.

Basi ile pipi anayonipa Mangi badala ya chenji si ndo tokeni?

Swali hili halikosi kila mahali. Fanya jaribio: kesho mpelekee Mangi zile pipi nne alizokupa wiki hii, mwambie akupe kiberiti.